Makanisa ya Dar: kwaya zisikuchanganye, uliza nani anamhamisha mchungaji

Fundi wa Keko (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Haupiti mwezi humu bila mtu kuuliza "nimehamia Dar, nisali wapi?" au "tofauti ya KKKT (Walutheri) na TAG (Wapentekoste) ni ipi hasa?" Majibu ni yaleyale. Mmoja atasema kule wanapiga makofi, mwingine kule wanapiga magoti, wa tatu atamwaga mistari ya Ufunuo, na uzi unageuka ulingo. Moderators msiunganishe huu na zile za zamani, nina jambo tofauti.

Mimi ni fundi wa vyombo. Nafunga spika, maiki na miksa, na wateja wangu wakubwa jijini ni makanisa, kuanzia yale ya Posta yaliyojengwa na Mjerumani mpaka mabanda ya mabati kule Chanika. Fundi hasikilizi sana mahubiri, anasikiliza nani atasaini malipo. Kwa njia hiyo nimejikuta nina swali moja ninalomuuliza kila mteja mpya moyoni: hapa nani ana mamlaka ya kumwondoa mchungaji? Ukishalijua jibu, umeshajua sadaka inakwenda wapi, kiwanja kimeandikwa jina la nani, na siku ukifa nani atasimama kaburini.

Nianze mjini kabisa. Ukitembea ufukwe wa bandari kutoka Kivukoni unakutana na makanisa mawili ya jirani, Azania Front la Walutheri na Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki. Ujenzi wa Mtakatifu Yosefu ulianza 1897, wa Azania Front 1898, yote mawili yakamalizika 1902. Sidhani kama ni bahati tu. Walutheri wa kutoka Berlin walifika mjini hapa 1887 na baadaye wakaingia Uzaramoni, ndiyo maana Kisarawe na Maneromango kuna sharika kongwe kuliko nyingi za mjini. Wabenediktini Wakatoliki walianzia Pugu 1888. Januari 1889, vita vya Abushiri vilipopamba moto, misheni ile ilivamiwa na kuteketezwa, baadhi ya wamisionari wakauawa, kazi ikaja kuanzwa upya mjini. Kwa hiyo yale majengo mawili ni ya watu waliokuwa wanaangaliana.

Lakini tusijidanganye, Dar ni mji wa pwani, na wenyeji wake ni Waislamu kabla ya kanisa lolote. Wakristo wengi wa Dar ni watu wa kuja, na kila mmoja alishuka stendi na kanisa lake ndani ya begi. Kanisa hilo hakulichagua yeye. Lilichaguliwa na wamisionari waliogawana mikoa zaidi ya miaka mia iliyopita. Mchaga wa Kibosho, Kilema au Rombo ni Mkatoliki, wa Machame au Marangu ni Mlutheri, kwa sababu mapadre wa Roho Mtakatifu na Walutheri wa Leipzig walipanda mlima uleule kila mmoja kwa upande wake miaka ya 1890. Mnyakyusa anaweza kuwa Mmoravian au Mlutheri kutegemea kijiji cha babu yake, maana misheni zote mbili zilifika Unyakyusa mwaka mmoja, 1891, zikagawana. Mpare wa milimani ni Msabato au Mlutheri, kwa kuwa Wasabato walitua Upare 1903. Wasukuma wengi wao Wakatoliki au AIC (Africa Inland Church). Mtu wa Masasi Mwanglikana, Mgogo naye Mwanglikana, lakini hao wawili ukiwaweka ibada moja kila mmoja atashangaa, nitaeleza.

Kwa hiyo Dar mtu akikutajia kanisa lake, nusu ya safari umeshajua kwao. Si kanuni, lakini jaribu uone.

Sasa mamlaka.

Wakatoliki. Paroko haajiriwi na waumini na hawana kura. Barua inatoka kwa Askofu Mkuu, padre anafungasha, mwingine anakuja. Kiwanja ni cha jimbo. Ukipeleka ankara kifani, paroko anaipitisha kwa kamati ya fedha, na kama ni kazi kubwa inapanda juu. Wanalipa polepole lakini sijawahi kudhulumiwa. Kwa muumini wa kawaida, parokia yenyewe iko mbali, maisha yake yako kwenye jumuiya ndogondogo, zile nyumba kumi na kitu mtaani zinazokutana nyumbani kwa zamu. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele miaka ya 1970, na wengi hatukujua kwamba ndizo zingekuja kuwa ofisi halisi ya kanisa. Ubatizo wa mtoto, ndoa, mazishi, yote yanaanza kwa mwenyekiti wa jumuiya kusema "huyu namfahamu."

KKKT. Kanisa hili kama tunavyolijua liliundwa Juni 1963, makanisa saba yalipoungana. Dar iko chini ya Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Mchungaji anapangwa na dayosisi, naye anahamishwa, lakini usharika una baraza la wazee lenye meno. Hapa ndipo fundi anapojua bei yake. Wanataka ankara kifani tatu, mzee mmoja ni mhasibu mstaafu, mwingine ni mhandisi, wanakuuliza waya ni milimita ngapi. Kazi ikiisha wanakagua. Mtu akilalamika KKKT wana vikao vingi, ni kweli, lakini ni vikao hivyo vinavyofanya mchungaji akihamishwa Jumatatu, Jumapili ibada iendelee kama kawaida. Na mnada! Baada ya ibada kuku, mkungu wa ndizi, trei la mayai, kilo ya mchele inayouzwa mara nne ya bei ya Kariakoo kwa sababu mnadishaji amemtaja mheshimiwa aliyekaa mbele. Nimeona kuku mmoja akinunuliwa na kurudishwa mezani mpaka akachoka.

Anglikana. Hawa wana nyumba mbili ndani ya paa moja. Wale wa Masasi, Tanga na Zanzibar walifundishwa na UMCA, misheni ya Kianglikana ya kikatolikikatoliki: ubani, kengele, mavazi, padre anaitwa padre. Wale wa Dodoma, Mpwapwa na Morogoro walifundishwa na CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, na baadaye Waaustralia: ibada nyepesi, mahubiri marefu, mchungaji anaitwa mchungaji. Ukiingia kanisa la Kianglikana Dar angalia kama kuna ubani. Utajua waanzilishi wa mtaa ule walitoka wapi.

Wasabato. Jumamosi tangu asubuhi mpaka jioni. Mfumo wao wa fedha ndio uliopangika kuliko wote niliowahi kuona. Zaka haibaki kanisani, inapanda ngazi za juu, na mishahara ya wachungaji inatoka huko. Mchungaji mmoja anaweza kuhudumia makanisa kadhaa, kwa hiyo wazee ndio wanaoendesha mambo. Kwa fundi si wateja wakubwa wa vyombo, kwaya zao nyingi zinaimba bila hata kinanda, na wanaimba vizuri kiasi kwamba sioni haja ya kuwauzia.

Wapentekoste wenye madhehebu: TAG, EAGT, FPCT, PEFA na wenzao. TAG inahesabu mwanzo wake 1939, kule Mbeya. EAGT ilizaliwa 1991 Moses Kulola alipotoka TAG. Yule mzee alihubiri nchi nzima mpaka alipofariki 2013, na hata wasio wa kwake walimwita Askofu. Hapa askofu yupo, jimbo lipo, katiba ipo, lakini mara nyingi mchungaji ndiye aliyepanda kanisa kwa mikono yake. Alianza na watu watano sebuleni, akanunua kiwanja, akapigwa na mvua. Mtu kama huyo kumwambia "umehamishwa" si jambo dogo, na kwa kawaida haambiwi. Anakaa miaka thelathini, anaozesha watoto aliowaweka wakfu wakiwa wachanga.

Huduma, yale makanisa yasiyo chini ya dhehebu lolote. Hapa mtume, nabii au mchungaji ndiye mwanzo na mwisho. Usajili unapatikana kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, kuna bodi ya wadhamini kwenye karatasi, lakini hakuna aliye juu yake wa kumwandikia barua. Wengine ni wakongwe sasa. Zachary Kakobe na Full Gospel Bible Fellowship pale Mwenge yupo tangu 1989. Malipo? Siku hiyohiyo, taslimu, kutoka mkononi mwa mtumishi mwenyewe. Na mwezi unaofuata anataka spika kubwa zaidi.

Nakaribisha michango. Matusi ya kidini peleka jukwaa lake.

mama_Tabata

Fundi umeandika vizuri, ila kwenye jumuiya umepita kama mgeni. Ngoja mwenyekiti mstaafu wa jumuiya niongeze.

Watu wanalalamika "Wakatoliki wanakataa kuzika." Kanisa halikatai kwa sababu ya hela peke yake kama mnavyotangaza mitandaoni. Mtu amehamia mtaani kwetu mwaka wa sita, jumuiya haijui, kigango hakimjui, ndoa ya kanisani hana, zaka hana kumbukumbu. Siku amefariki ndugu wanatoka Moshi usiku wanataka padre saa nne asubuhi na kwaya. Mwenyekiti anaulizwa na paroko "unamfahamu?" Nitasema nini mimi? Nimdanganye padre?

Lakini nitasema na upande wa pili. Kuna jumuiya zimegeuka vikundi vya michango. Sala dakika kumi, michango saa nzima: ujenzi, mavuno, zawadi ya paroko, sare ya WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), harambee ya seminari. Kijana anayeanza maisha, chumba kimoja Tabata Kimanga, anaona aibu kufungua mlango zamu yake ikifika maana hana hata viti. Huyo ndiye anayeondoka kwenda kwa mtume. Hajaondoka kwa sababu ya mafundisho, ameondoka kwa sababu ya viti.

Mndali wa Ileje

Shikamoo wakubwa. Mleta mada umetusahau Wamoravian, umetutaja Unyakyusa tu ukapita.

Sisi ukiuliza nani anamhamisha mchungaji, jibu linawashangaza wengi: si askofu. Kwa Wamoravian askofu ni mtu wa sala na wa kuwaweka wakfu wachungaji, ni baba wa kiroho. Uendeshaji uko kwa mkutano mkuu wa jimbo na halmashauri yake, yenye mwenyekiti. Dar tuko Jimbo la Mashariki na Zanzibar. Uzuri wake ni kwamba hakuna mtu mmoja mwenye kila kitu. Ubaya wake mnaujua, mkutano mkuu ukiwa na kambi mbili, mtaona polisi kwenye lango la kanisa.

Halafu sisi ni wa kale kuliko Luther mwenyewe. Mizizi yetu ni 1457, wafuasi wa Jan Hus kule Bohemia, huyo Luther alikuwa hajazaliwa. Pasaka sisi hatungoji ibada ya saa tatu. Alfajiri kabla jua halijachomoza tunakwenda makaburini kuimba. Kijijini hiyo ni rahisi, makaburi yako nyuma ya kanisa. Dar makaburi ni ya manispaa, yamejaa, na marehemu zetu wengi tunawasafirisha nyumbani. Kwa hiyo vijana wetu waliozaliwa hapa wanaijua hiyo desturi kwa kusimuliwa. Inaniuma.

Jirani wa Spika

Kumbe ni wewe!!!

Miaka mitatu namtafuta anayewafungia hawa watu vyombo. Nakaa Kimara. Mbele yangu kuna huduma, nyuma yangu kuna huduma, Ijumaa mkesha, Jumatano maombi ya ukombozi, Jumapili ibada tatu. Mtoto wangu wa darasa la pili anakemea mapepo kabla ya kula. Nimekwenda serikali ya mtaa, mwenyekiti anasali hapohapo.

Swali langu halihusu askofu. Nani anamhamisha jirani?

Fundi wa Keko

Mkuu Jirani pole, nimecheka lakini pole. Mimi huwa nawaambia: ukumbi wa watu mia mbili hauhitaji spika nane. Hawasikii. Kwa watumishi wengi sauti inayosikika barabarani ni tangazo, na banda la mabati halizuii kitu.

Ila angalia, hili nalo linarudi palepale. Usharika wa KKKT ukipiga kelele unaenda kwa mchungaji, ukishindwa unaenda jimboni, ukishindwa dayosisini. Kuna ngazi. Kwa huduma unamshtaki nani? Ngazi ya kwanza ni yeye, ya mwisho ni yeye. Ndiyo maana mnaishia NEMC (baraza la mazingira) na polisi, mambo ambayo kwingine yangeisha kwa simu moja.

Mndali, nashukuru sana, hiyo ya askofu wengi hatukuijua. Mama Tabata, hiyo ya viti imenikaa.

Mpare wa Same

Heri ya Sabato kwenu (nimeandika Jumamosi jioni, jua limezama, msinihukumu).

Fundi amesema kweli kuhusu zaka. Niongeze tu faida yake. Mchungaji wa Sabato wa Masaki na wa Chalinze wanalipwa kwa ngazi zao, hawalipwi kwa utajiri wa waumini. Kwa hiyo hakuna sababu ya mchungaji kung'ang'ania Masaki wala kumsifia tajiri mimbarini. Nadhani hicho ndicho kinachotufanya tusigawanyike sana, ingawa nako makundi ya kujitenga yapo, tusiringe.

Kwa anayetaka kuja: hatuli nguruwe, hatunywi pombe, kahawa na chai ya majani tunashauri uache. Na ninyi wa pwani sikilizeni vizuri, pweza na kamba pia. Samaki ni mwenye mapezi na magamba. Najua Dar hiyo ni ngumu kuliko kuacha bia.

Makambi ni katikati ya mwaka, njoo hata kama si Msabato. Wiki nzima ya mahubiri, kwaya, na mafundisho ya afya na ndoa. Wengi waliooa ndani ya kanisa wameonana hapo, hilo halijaandikwa kwenye ratiba.

Kobe Mkongwe

Wadau mnazunguka. Mnaongea kama haya makanisa ni masanduku tofauti. Mimi nina miaka sitini na kitu, nimesali KKKT maisha yangu yote, na nimeona upentekoste ukiingia bila mtu kubadilisha kibao nje.

Walokole hawakuanza na manabii wa Dar. Uamsho ulitoka Rwanda miaka ya 1930, ukapita Uganda, ukaingia Bukoba, ukaenea ndani ya Walutheri na Waanglikana. Hao walikaa makanisani mwao. Walikuwa na ushirika wao wa jioni, wanaungama hadharani, wanarudisha vitu walivyoiba, hawanywi, na Jumapili wapo kwenye benchi lilelile. Wazazi wetu wengine tuliwaona washamba. Kisha Wakatoliki nao wakapata Karismatiki, watu wananena kwa lugha mbele ya Ekaristi. Leo nenda usharika wowote mkubwa wa KKKT Dar: ibada ya kwanza ni liturujia kamili, mchungaji na kanzu, nyimbo za kitabu. Ibada ya tatu ya vijana kuna ngoma, gitaa, kusifu na kuabudu, mikono juu. Mchungaji mmoja, jengo moja, siku moja.

Kwa nini wakubwa waliruhusu? Kwa sababu walihesabu vijana. Ukikataa gitaa, kijana anavuka barabara.

Atoti

Mzee Kobe heshima. Mimi ni mmoja wa waliovuka barabara.

Nililelewa Mkatoliki, Komunyo, Kipaimara, VIWAWA ya vijana, kila kitu. Nikapata matatizo ya kazi na ya uzazi kwa wakati mmoja. Parokiani nilipewa namba ya foleni ya kumwona padre, padre mmoja na waumini elfu kadhaa, simlaumu. Kwa mtumishi nilikaa siku ileile, akanishika kichwa, akaniuliza jina langu, wiki iliyofuata akalikumbuka. Mnaowacheka wanaokwenda kwa mitume, jiulizeni mara ya mwisho kiongozi wenu wa dini alikutaja jina ni lini.

Nilikaa miaka minne. Nikaondoka ilipoanza biashara: mafuta, maji, kitambaa, na foleni ya kumwona mtumishi yenye bei zake. Sasa nipo TAG ya mtaani, kanisa la watu themanini, mchungaji ana duka la vifaa vya ujenzi na anatufahamu mpaka wapangaji wetu. Nilibatizwa tena kwa maji mengi, baharini Kigamboni. Mama yangu hakuongea nami karibu mwaka. Kwake ubatizo ni mmoja, kubatizwa tena ni kusema ule aliouomba yeye nikiwa mtoto ulikuwa bure.

Fundi wa Keko

Atoti, asante kwa kuandika hili.

Tulipofika kwenye mafuta nitasema kitu kimoja tu. Februari 2020, Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye mkutano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Wanaokwenda mikutano kama ile si watu wa huduma peke yake, wapo na wale ambao Jumapili wako kwenye kwaya za liturujia. Kwa hiyo ndugu zangu wa madhehebu makubwa msiseme "hao". Waumini wenu Jumapili ni wenu, katikati ya wiki ni wa kila mtu. Nimefunga vyombo vya mikutano kama hiyo viwanja vya Tanganyika Packers pale Kawe, nimekutana na wazee wa usharika wangu wamevaa kofia wasijulikane.

Wanjiru wa Mikocheni

Habari zenu. Mimi ni Mkenya, niko Dar kikazi. Kitu kilichonishangaza ni kwamba hapa sioni makanisa ya Kiafrika yaliyojitenga zamani kama kwetu. Nairobi Jumapili utaona Akorino na vilemba vyao vyeupe, utaona Legio Maria ambao walijitenga na Wakatoliki miaka ya 1960, utaona watu wa Roho wakitembea barabarani na bendera na ngoma. Hata PCEA, Wapresbiteri, ambao wao ni wa wamisionari lakini ni kanisa kubwa sana Kenya ya kati, hapa nikiuliza watu wananiangalia tu. Hapa ama ni kanisa la wamisionari ama ni nabii wa juzi. Katikati hakuna kitu?

Kobe Mkongwe

Dada Wanjiru umeuliza swali zuri kuliko uzi mzima. Jibu langu ni la kukisia. Kwenu ardhi na shule vilikuwa mikononi mwa mlowezi na misheni, ugomvi na kanisa ulikuwa ugomvi wa ardhi. Hapa Mjerumani alishindwa vita ya kwanza, wamisionari wake wakakamatwa au wakafukuzwa, na Walutheri Waafrika wakajikuta wanaendesha makanisa yao wenyewe miaka kadhaa. Vita ya pili ikawa hivyohivyo. Ukiachiwa nyumba mara mbili, huoni haja ya kujenga yako pembeni. Halafu baada ya uhuru, usajili wa jumuiya ulikuwa mgumu, na serikali ya Mwalimu haikupenda vikundi vinavyoota kama uyoga. Mlango ulilegea mwisho wa miaka ya 1980 na kuendelea, na waliokuwa mlangoni wakati huo walikuwa Wapentekoste.

Mwalimu mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa kusali Misa kila siku, pale Mtakatifu Petro Oysterbay. Wengi wa umri wangu wanakumbuka.

Mgeni Jijini

Samahani wakuu, naona mmeenda mbali. Mimi ndiye mtu wa "nimehamia Dar nisali wapi". Natoka wilaya ya Masasi, Mwanglikana wa ubani kama alivyosema Fundi. Nimepanga Goba, kazi yangu ni ulinzi, Jumapili asubuhi mara nyingi niko zamu. Nimepita kanisa la Kianglikana jirani, hawana ubani, wanapiga gitaa. Nimeambiwa nivumilie. Pia mchumba wangu ni Mkatoliki. Nifanyeje?

mama_Tabata

Mwanangu karibu Dar. La mchumba kwanza. Hiyo ni ndoa mseto, inafungwa bila shida, ila anzeni mapema. Mchumba aende kwa paroko wake, ruhusa inaombwa kwa askofu, na kuna mafundisho ya miezi. Hutalazimishwa kubatizwa tena, Kanisa linautambua ubatizo wako. Utahitaji cheti. Na mzungumze sasa kuhusu watoto watabatizwa wapi, msingoje tumbo.

La zamu: ukitaka ibada za jioni, parokia kubwa nyingi zina Misa ya Jumapili jioni. Hutapokea Komunyo lakini kusali unasali. Anglikana wa mjini nadhani nao wanayo, uliza pale Mtakatifu Albano, Posta.

Fundi wa Keko

Mgeni, kuhusu ubani siwezi kukusaidia, siufungi mimi. Lakini fanya hivi: mpigie padre wako wa Masasi aandike barua ya utambulisho. Bila barua, hata kanisa lako mwenyewe hapa wewe ni mtu uliyepita tu, na mama Tabata ameshaeleza yanayofuata mtu akiwa hajulikani. Barua na cheti cha ubatizo, nakala mbili mbili.

Na usiende mara moja ukakata tamaa na gitaa. Nenda wiki ambayo kuna Ekaristi. Waanglikana wengi wa Goba na Mbezi ni mchanganyiko wa Dodoma na kusini, inategemea nani ana zamu madhabahuni.

Mgeni Jijini

Nimempigia katekista sasa hivi. Padre yuko Newala kwenye kikao, na mhuri ameondoka nao. Anasema Alhamisi.

Mndali wa Ileje

Mhuri umeondoka na padre 😂

Fundi wa Keko

Nenda tu Jumapili hii ukasali, ukae benchi la nyuma. Mwambie mzee wa zamu barua iko njiani, naye atakuandika kwenye daftari lake.